Mchumba wa Dokta Tambo

Nesi Perpetua Tluway alimfahamu Reginald kwanza kama mgonjwa, na mpaka leo akiulizwa husema kwamba huo ndio wakati pekee mwanaume yule alipokuwa mtu wa maana.

Ilikuwa mwaka tisini na sita, ngano imeshakauka na kusubiri kuvunwa kwenye uwanda ulio magharibi ya Mlima Hanang. Shamba lilikuwa la serikali, na lilikuwa limeanza kuchoka. Nyuma ya karakana zilisimama kombaini zilizokosa vipuri, majani yameota mpaka kwenye viti vya madereva. Meneja, bwana mmoja aliyeitwa Lukasi, hakuleta vipuri. Alileta wachekeshaji kutoka Dar es Salaam, ili wafanyakazi wapate moyo.

Kinara wa wachekeshaji hao alikuwa Reginald. Nchi nzima ilimwita Dokta Tambo, kwa sababu katika mchezo wa televisheni aliigiza daktari wa uongo mwenye koti jeupe lililomfika kwenye visigino. Huku kwetu televisheni haikushika. Lakini meneja alikuwa na shemeji yake Arusha aliyerekodi michezo hiyo kwenye kanda za video na kuzituma kwa basi mpaka Katesh. Klabu ya shamba ilikuwa na televisheni kubwa na jenereta yake, na jenereta hiyo haikuwahi kukosa mafuta hata wiki zile ambazo jokofu la chanjo pale zahanati liliyakosa.

Reginald alichekesha jioni moja. Kesho yake aliletwa zahanati amelazwa nyuma ya Landrova, kwa kuwa alitaka kuonyesha kwamba yeye ni mtu wa watu, akanywa pombe ya asali juu ya maziwa yasiyochemshwa. Perpetua alimtundikia dripu, akamwosha, akamfulia. Mgonjwa alikuwa mtulivu. Aliomba maji, akashukuru. Aliuliza watu wa huku wanaulima mlima mpaka wapi, akasikiliza jibu lote. Siku moja alilia akimtaja mama yake, kisha akaomba radhi kwa kulia.

Perpetua alikuwa na miaka thelathini na moja. Alikuwa amekwisha kuwakataa mwalimu mmoja na dereva mmoja wa trekta, wote kwa kosa la kusema sana. Alimtazama mtu huyu maarufu amelala kimya, akadhani amepata mwanaume anayejua kunyamaza.

Alipopona tu, kimya kikaisha.

Walikwenda pamoja mnadani Katesh, na hawakupiga hatua mbili bila kuzungukwa. Watu walimshika mikono, wakamwita Dokta. Bibi mmoja aliyeletwa na mjukuu wake alipasua kundi, akamwinamishia uso na kusema, "Shikamoo daktari. Macho yangu haya, naona ukungu tu." Bibi hakuwa na habari za televisheni. Alisikia Dokta, akaamini.

Reginald angeweza kusema ukweli. Badala yake alitoa koti kwenye mfuko, akalivaa, akamfunua bibi kope kwa vidole viwili, akatikisa kichwa kwa huzuni na kusema, "Mama, ugonjwa wako ni kuona wachawi wachache. Ongeza wachawi." Mnada wote ukaangua kicheko. Bibi naye alicheka, kwa sababu wote walicheka, kisha akaendelea kusimama pale akisubiri dawa.

Perpetua alimshika bibi mkono, akampeleka pembeni, akamweleza siku ambayo daktari wa macho huja Katesh. Aliporudi, Reginald alikuwa bado anacheka.

"Umeona?" akasema. "Hata sikujiandaa."

"Nimeona," alijibu Perpetua.

Siku ile ndiyo alipaswa kuachana naye, na alijua. Lakini mwanamke aliyekwisha kuwakataa wawili huona haya kumkataa wa tatu, hasa mwanaume ambaye kwa ajili yake shamba zima linamwonea mwanamke huyo wivu. Basi akavumilia. Reginald alirudi mwezi wa kumi, akarudi tena kabla ya Krismasi, na usiku walipokuwa peke yao alinyamaza kidogo, naye Perpetua akamweleza mambo. Alimweleza kwamba tangu aanze ukunga hulala na gambuti miguuni wakati wa mvua, kwa maana anaweza kuamshwa saa yoyote kukimbia matopeni. Alimweleza kwamba alipofika chuo cha uuguzi kwa mara ya kwanza, simu ililia mezani, naye akaiamkia shikamoo. Reginald alimsikiliza kwa makini sana. Perpetua alidhani huo ni upendo.

Alimpeleka Endasak kwa baba yake. Mzee Tluway alikuwa mjane, mkulima wa mahindi na maharage, na alimpokea mgeni kwa heshima, akamkalisha kwenye kiti chenye mto.

"Kazi yako nini, kijana wangu?"

"Nachekesha watu, mzee."

"Wakishacheka?"

"Basi, wameshacheka."

Mzee alifikiri. "Na wewe unabaki na nini?"

"Nabaki na jina."

"Jina si ulipewa ulipobatizwa?"

Reginald alicheka mpaka akafuta machozi. Mzee hakuona kichekesho, lakini alimwongezea maziwa.

Baada ya Krismasi Reginald akaenda zake, akasema atarudi Pasaka. Kabla ya Pasaka, kanda mpya ikafika.

Mchezo huo uliitwa Mchumba wa Dokta. Klabu ilijaa. Meneja Lukasi alikaa mbele na mke wake, wakuu wa idara nyuma yao kwa ngazi za mishahara, na wafanyakazi wakasimama ukutani na madirishani. Perpetua alipewa kiti cha mbele kabisa. Hakujua kwa nini, mpaka picha ilipoanza.

Dokta Tambo amepata mchumba kutoka shamba la ngano. Jina lake Pepe. Pepe amefika Dar es Salaam na kuku kwapani. Anaiamkia simu shikamoo. Analala na gambuti kitandani, kwenye shuka nyeupe, na Dokta Tambo anazivuta, hazitoki, mpaka anaanguka chali pamoja na kabati. Pepe anazungumza Kiswahili cha kukoroma, akikwaruza kila herufi kooni, ili Mtanzania yeyote ajue huyu ni Mmbulu. Kisha akaja baba yake Pepe, mzee aliyevaa blanketi na kofia ya sufu, akakaa sakafuni kando ya kiti na kuuliza, "Wakishacheka?" Kila Dokta Tambo alipomjibu, mzee alirudia, "Wakishacheka?" kwa sauti ya mbuzi.

Klabu ilicheka mpaka mabati yakatetemeka. Walicheka kwanza kwa Kiswahili cha Pepe, hao watu ambao nusu yao walizungumza vile vile. Kisha walipotambua, wakageuka mmoja mmoja kumtazama Perpetua. Hakuinuka. Hakulia. Alitazama kile kideo mpaka majina ya mwisho yalipopita, kisha akaaga kwa adabu na kwenda kulala, amevaa gambuti, kwa maana mvua ilikuwa inanyesha.

Kama watu wangemcheka tu, angewaelewa. Kilichomchosha ni kwamba walimpongeza.

Meneja alimwita ofisini. "Nesi, umelitangaza shamba letu. Hata wizarani sasa wanatujua."

"Wanatujua kwa nini, Bwana Meneja?"

"Kwa Pepe," alisema meneja, na alikuwa na furaha ya kweli.

Rafiki yake Justina, aliyefanya kazi ya upishi kwenye bwalo, alimwambia asichukie. "Yule si wewe. Ni mchezo."

"Gambuti ni za nani?"

"Watu wengi wana gambuti."

"Na mzee wa Endasak ni wa nani?"

Justina akauliza kama kweli huko Dar kuna makabati makubwa namna ile.

Wagonjwa walianza kumwita Nesi Pepe. Akina mama waliokuja kliniki walimwomba awasalimie Dokta. Vijana wa karakana, waliokuwa hawana la kufanya kwa sababu ya vipuri, waliiga sauti ya mbuzi kila alipopita. Perpetua aliwachoma sindano wote kwa mkono ule ule mwepesi, lakini moyoni alikwisha kuwashusha thamani. Alikuwa akiwatazama na kuwaza: hawa wamechekwa, na wanamshukuru anayewacheka, na wanaomba arudie.

Msimu wa mavuno uliofuata, meneja aliwaalika watu wa televisheni waje kupiga picha za sehemu mpya ya mchezo palepale shambani. Kwa ajili hiyo rangi ilipatikana. Kombaini mbovu zilioshwa, zikapakwa rangi nyekundu, zikapangwa kando ya barabara kama maharusi. Nicodemo, fundi aliyekuwa amezeeka na mitambo ile, aliambiwa akae kwenye moja na kushika usukani. "Ndani hamna injini," alisema. Akaambiwa injini haionekani kwenye picha.

Reginald alifika na gari mbili na mwongozaji wake, mtu mnene mwenye haraka aliyeitwa Yoakimu. Alikwenda moja kwa moja zahanati na zawadi ya kitenge.

"Umenikasirikia," alisema.

"Kaa," alisema Perpetua, kama anavyomwambia mtu yeyote.

"Ningekuomba ruhusa, ungenikatalia."

"Ndiyo."

"Basi unaona. Nchi nzima inampenda Pepe. Yule binti aliyemwigiza ameolewa, ameacha. Yoakimu anasema wewe mwenyewe uje. Hutahitaji kujifunza chochote. Uwe tu ulivyo."

"Nilivyo mimi ni nesi. Huyo Pepe wako hawezi hata kuvua viatu."

"Ni vichekesho, Perpetua. Siwezi kumwonyesha nesi hodari. Nani atacheka?"

Alikataa, na kitenge akakirudisha mezani. Reginald hakukata tamaa. Alikwenda kutafuta msaada mahali ambapo Perpetua hakutegemea. Alituma gari Endasak, ikamleta Mzee Tluway.

Perpetua aliposikia kwamba baba yake yuko klabu anaonyeshwa kanda, alikimbia. Alitaka awahi kuzima. Alichelewa. Alipofika mlangoni, yule mzee wa blanketi alikuwa sakafuni anauliza kwa sauti ya mbuzi, na mbele ya televisheni, kwenye kiti cha meneja, baba yake alikuwa anacheka. Alicheka kwa mwili wote, fimbo imemwanguka, mkono mmoja umeshika goti la Reginald.

"Perpetua," alisema alipomwona, "njoo umwone huyu mjinga. Anafanana na mimi."

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Rudisheni pale alipokaa chini."

Wakamrudishia. Akacheka upya. Reginald alimtazama Perpetua juu ya kichwa cha mzee kwa macho ya mtu aliyeshinda kesi. Perpetua alikuwa amebeba hasira kwa niaba ya baba yake miezi yote ile, na sasa hakuwa na mahali pa kuitua. Akatoka nje. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kumdharau baba yake, na aliona ubaya wa jambo hilo, na hakuweza kuliacha.

Asubuhi iliyofuata, Yoakimu alitaka kupiga picha kwenye zahanati. Kulikuwa na mama mmoja, Verediana, mke wa mlinzi, aliyekuwa na uchungu tangu alfajiri nyuma ya pazia la kitenge. Meneja Lukasi aliingia, akasimama karibu na mizani ya watoto.

"Nesi, huyo mama mhamishe kidogo."

"Nimhamishie wapi?"

"Hata stoo ya mbegu. Ni pasafi. Wageni wana ratiba."

"Mtoto naye ana ratiba yake, Bwana Meneja."

"Usinijibu hivyo. Nani anakulipa?"

Nje, umati ulikuwa umejaa uwanjani tangu jua halijapanda. Perpetua alifungua mlango. Reginald alikuwa kizingitini, amepakwa poda, amevaa koti lake refu. Nyuma yake mpiga picha alikuwa amebeba kamera begani. Perpetua hakuijali. Hakupandisha sauti.

"Reginald," alisema, "niliyaosha matapishi yako. Nilikubadilishia shuka ulipojichafua ukawa unamwita mama yako, na sikumwambia mtu, kwa sababu mgonjwa hasemwi. Mimi nikakuambia mambo ya kwetu, ukayabeba ukaenda kuyagawa kwa watu usiowajua. Sikuchukii. Kumchukia mtu ni kazi, na mimi kazi ninayo ndani. Nakuona mdogo tu. Umevaa koti la daktari miaka yote hii, na siku uliyoshikwa na tumbo hukujua hata kujifuta. Ondoka mlangoni, kuna mtu anazaa."

Kisha mtu mmoja karibu na tangi la maji akacheka, na wengine wakafuata, na kicheko kikapanda mpaka kwenye zile kombaini nyekundu. Wakapiga makofi. Reginald alibaki amesimama na poda yake. Perpetua akafunga mlango, akanawa mikono.

Verediana alijifungua salama mtoto wa kike. Wakati anamfunga kitovu, Perpetua aliyarudia maneno yake kichwani. Lile alilolisema la shuka halikupaswa kusemwa na nesi, na alilijutia papo hapo na baadaye. Mengine hakuyajutia.

Alidhani amemaliza. Alidhani kwamba mtu akiaibishwa mbele ya umati ule atakwenda kujificha. Hakuwajua watu wa aina hiyo. Kamera ilikuwa imewashwa muda wote. Mwezi uliofuata kanda ilifika, na ndani yake alikuwemo yeye mwenyewe, na gauni lake la kazi na jasho la usoni, akimwambia Dokta Tambo kwamba hajui kujifuta. Walikuwa wamebandika vicheko kila baada ya sentensi. Mwishoni, Dokta Tambo aligeukia kamera na kusema, "Ananipenda huyu." Ikawa sehemu iliyopendwa kuliko zote. Meneja aliirudia kwa kila mgeni. Verediana akaja zahanati na mtoto mgongoni, akasema amempa jina.

"Jina gani?"

"Pepe."

"Mpe jina la mtu," alisema Perpetua.

"Lakini ndilo lako," alisema Verediana kwa mshangao.

Reginald alirudi mara moja tena, peke yake, bila koti. Alimkuta Perpetua anaanika glavu. Alisimama kando ya kamba kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

"Ulinimaliza siku ile," alisema. "Nilirudi hotelini sikulala. Nilitaka kuchoma ile kanda."

"Hukuichoma."

"Yoakimu alisema ni nzuri." Alikaa kimya, kimya kile cha zamani cha dripu. "Nisikilize. Mimi mtu akininyamazia, naogopa. Tangu mdogo. Akicheka ndiyo najua hatanipiga. Sina kitu kingine, Perpetua. Nikipata jambo la kuchekesha siwezi kuliacha, hata likiwa la mama yangu."

Perpetua alimwamini. Hilo ndilo jambo la ajabu: alimwamini kabisa, na halikubadili kitu.

"Pole," alisema. "Unaumwa?"

"Hapana."

"Basi huna shida na mimi. Hapa ni zahanati."

Akaendelea kuanika. Reginald alingoja kidogo, kisha akaenda zake kwa miguu mpaka barabarani, na siku hiyo hakukuwa na mtu wa kumwita Dokta, kwa sababu ilikuwa Jumapili na wote walikuwa kanisani.

Perpetua aliomba uhamisho, akapelekwa zahanati ya Getanuwas, kati ya wafugaji na wakulima ambao hawakuwa na umeme wala haja nao. Huko aliitwa nesi, basi. Miaka michache baadaye shamba likafa kabisa. Kombaini ziliuzwa kama chuma chakavu, zikiwa bado na rangi yake nzuri, na meneja akahamishiwa kwenye shirika lingine akaliue hilo nalo. Kuhusu Reginald, watu walisema mchezo wake ulikatishwa, wengine wakasema anatangaza sabuni kwenye magari. Perpetua hakufuatilia.

Baba yake alipoanguka na kuvunjika nyonga, Perpetua alichukua likizo akaenda Endasak kumuuguza. Tangu siku ile ya klabu walikuwa wanasalimiana vizuri na kuzungumza kidogo. Jioni moja, alipokuwa anamkata kucha, mzee akasema, "Bado una hasira na kile kicheko changu."

"Walikuwa wanakudhihaki, baba."

"Najua. Mimi si mtoto. Walinikalisha chini, na mimi kiti ninacho. Lakini sikuwahi kuona mtu wa huku kwenye kile chombo. Nikasema, hata kama ni mjinga, huyu ni wa kwetu. Nikafurahi."

"Mimi sikufurahi."

"Wewe una kiburi cha mama yako," alisema mzee, na hakulisema kama lawama. Akanyoosha mkono mwingine ukatwe kucha. "Yule bwana, siku uliyomleta hapa. Ulipokwenda kuchota maji, nilimwambia anishikie ndama nimfunge kamba. Unajua alifanya nini?"

"Sijui."

Mzee alijiinua kwenye mto, akashika ncha za blanketi kwa vidole viwili viwili kama mtu anayeogopa kuchafua nguo, akatoa macho, akakunja midomo, na kwa sauti laini ya mjini akamsihi ndama, "Samahani, samahani ndugu yangu, taratibu." Kisha akaigiza ndama anayelamba suruali, halafu bwana anayekimbilia nyuma ya mgongo wa mzee na kumshika mabega. Alifanya yote hayo amelala, nyonga imefungwa.

Perpetua alicheka mpaka akaweka mkasi chini. Mzee alimtazama kwa furaha, kisha akaanza tena tangu mwanzo, na safari hii akaongeza ng'ombe mama.